Usilisahihishe daftari lako la Leipzig, mzee wangu

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kwa swali, nimelisoma mara tatu kabla sijaanza kujibu. Kwa ambao hawajaliona, kwa kifupi ni hivi: mzee ni mtu wa Unguja, alikwenda kusomea ujenzi Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, kuanzia Septemba 1983 mpaka 1988, mwaka wa kwanza akajifunza Kijerumani pale Herder-Institut kama walivyokuwa wanaanza wanafunzi wengi wa kigeni, na miaka yote hiyo alikuwa na daftari moja la mistari ambalo kila akitoka kwenye konsati au opera anaandika usiku huohuo kabla hajalala. Sasa daftari limetoka sandukuni, wajukuu wanalitaka, na yeye akilisoma anaona haya. Kuna opera ya Verdi ameiandika ila akiitafuta haioni, kuna "misa ya Bach ya H" ambayo kijana wa kinanda wa mtaani kamwambia hakuna noti inayoitwa H, tarehe nyingi hazina mwaka, na kuna kurasa anataka kuzichana kwa sababu anasema zinaonyesha ushamba. Anauliza: alisahihishe kwanza ndo awape?

Hapana mzee. Usisahihishe hata neno moja, na kuchana ndo kabisa. Nitakwambia kwa nini, lakini tuanze na hiyo H maana hapo kijana kakuonea.

Wajerumani noti zao hawaziiti kama Waingereza. Ile ambayo kijana wako kafundishwa kuiita B, wao wanaiita H, na wao wakisema B wanamaanisha ile ya chini yake nusu hatua, yani B flati. Hii ni hadithi ya zamani sana, kulikuwa na b mbili kwenye maandishi, moja ya duara na moja ya pembe, na ile ya pembe mkono wa mwandishi ukienda haraka inafanana na h, basi ikabaki hivyo mpaka leo. Kwa hiyo ulipoandika "misa ya H" uliandika sahihi kabisa, ndivyo lilivyokuwa limechapwa kwenye kijitabu, h-Moll-Messe, Misa ambayo Bach alimaliza kuipanga karibu na mwisho wa maisha yake, 1749. Na kijana ukikutana naye mwambie kitu kimoja: kwa majina hayo ya Kijerumani jina BACH lenyewe linapigika kwenye kinanda, B, A, C, H, na mwenyewe Bach alilitia kwenye fyuga ya mwisho (fyuga ni muziki wa sauti zinazoingia moja baada ya nyingine zikifukuzana) ya kazi yake Die Kunst der Fuge, ambayo hakuwahi kuimaliza. Huwezi kulipiga jina hilo kama huijui hiyo H.

Fahamu pia kwamba kosa hili lingeweza kukuharibia kurasa zingine. Umenitumia picha ya ukurasa mmoja umeandika "Brahms, piano, B-dur". Ungekuwa umeshaanza kusahihisha ungegeuza hiyo B kuwa B ya Waingereza na konsati ingebadilika kuwa kitu ambacho hakipo. Hiyo ni Konseto ya pili ya piano ya Brahms, yani kazi ya piano pamoja na okestra, B flati, ile yenye sehemu nne badala ya tatu, na inaanza na pembe peke yake kabla piano haijaingia. Wewe mwenyewe umeandika "imeanza tarumbeta la mviringo peke yake kama mtu anaita kwa mbali". Mzee, ndo hiyohiyo, na maneno yako yamethibitisha kuliko jina.

Sasa hiyo opera. Umeandika "Troubadour, Verdi" na umetafuta hukuipata. Wakati ule opera nyingi za kigeni kule zilikuwa zinaimbwa kwa Kijerumani, Verdi, Puccini, Mozart wa Kitaliano, wote, na majina yao yanatafsiriwa kwenye bango. Berlin kulikuwa na Komische Oper ya Walter Felsenstein tangu 1947 ambayo ilishikilia kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti lazima aelewe kinachosemwa, na mtazamo huo ulikuwa umeenea. Kwa hiyo Der Troubadour ni Il trovatore, ilionyeshwa mara ya kwanza Roma mwaka 1853, na ukitafuta kwa jina hilo la Kitaliano utaipata mara moja. Ile "Maskenball" yako ni Un ballo in maschera. Lakini tafadhali usifute Troubadour ukaandika Trovatore. Wewe uliisikia kwa Kijerumani, mwanafunzi wa miezi sita wa lugha ile, na umeandika pembeni maneno uliyoyakamata, "Rache, Rache, Mutter", kisasi, kisasi, mama. Leo ukienda jumba hilohilo utaimbiwa Kitaliano na maandishi juu ya jukwaa. Ulichosikia wewe hakisikiki tena kirahisi, na kimebaki kwenye daftari lako.

Sasa tarehe, hapa kuna kazi nzuri na wajukuu wakusaidie. Mara nyingi umeandika siku ya wiki na tarehe lakini mwaka umeuacha, na hiyo inatosha kabisa, kwa sababu tarehe moja haiangukii siku ileile kila mwaka. Mfano, "Jumamosi 31/12, Tisa ya Beethoven, Gewandhaus", yani ule ukumbi wa konsati wa Leipzig wenye okestra yake. Katika miaka yako kule, 31 Desemba ilikuwa Jumamosi mwaka 1983 tu, maana ilirudi kuwa Jumamosi mwisho wa 1988, na wewe ulikuwa umeshaondoka. 1984 ilikuwa Jumatatu, 1985 Jumanne, 1986 Jumatano, 1987 Alhamisi. Kwa hiyo hiyo ilikuwa mwaka mpya wako wa kwanza ugenini, hujatimiza miezi minne, na umeingia kwenye mila ambayo Leipzig wanaifanya tangu 1918, vita imeisha, kondakta Arthur Nikisch akaipiga Simfoni ya Tisa usiku wa 31 Desemba, wakaanza saa tano usiku ili kwaya ya mwisho ianze saa sita mwaka mpya ukiingia. Hukujua hayo yote na wala hukuhitaji. Umeandika "watu wazima wameshikana mikono nje, barafu, nimewaza nyumbani". Acha hivyohivyo.

Na ile ya "Jumatano 13/2, Dresden, baridi kali, tumesimama nje hatukuingia, bibi mmoja analia, nimemuuliza hakunijibu", umesema hukumbuki mwaka wala sababu. Ni 1985. Jumba la opera la Dresden, Semperoper, lilibomolewa na mabomu usiku wa 13 Februari 1945, likakaa gofu miaka na miaka, na walilifungua tena siku ileile 13 Februari 1985, miaka 40 kamili, Jumatano kama ulivyoandika. Waliifungua kwa Der Freischütz ya Weber, kwa sababu Weber alikuwa mkuu wa opera hapo Dresden kuanzia 1817 mpaka kufa kwake 1826, na kwa sababu opera hiyohiyo ndo ilikuwa ya mwisho kuchezwa kabla jumba halijafungwa mwaka 1944. Yule bibi aliyekuwa analia, kama alikuwa mtu wa Dresden na umri wake ulikuwa huo unaousema, basi ule usiku wa mabomu alikuwa msichana mzima. Nimeusoma huo mstari wako nikanyamaza kidogo, maana wewe ulimuandika bila kujua umeandika nini.

Freischütz yenyewe umeiona baadaye, kuna ukurasa unasema "mambo ya uganga, risasi saba, sita za mtu na ya saba ya shetani". Hakuna muhtasari mfupi zaidi ya huo nimewahi kuusoma.

Halafu umeniuliza yule kondakta ambaye hujaandika jina lake popote, umeandika tu "mrefu, ndevu, hana fimbo, anaongoza kwa mikono mitupu". Huyo ni Kurt Masur, alikuwa Gewandhauskapellmeister, yani kondakta mkuu wa okestra ya Gewandhaus, kuanzia 1970 mpaka 1996. Ujanani alitaka kuwa mpiga piano, kano za mkono wa kulia zikamharibikia, akahamia kuongoza okestra, na ndo maana fimbo hakuwa anaishika. Wewe ulimuona kwenye jumba jipya ambalo lilikuwa na miaka miwili tu tangu lifunguliwe 8 Oktoba 1981, kabla ya hapo toka la zamani libomolewe vitani okestra ilikuwa inapiga kwenye ukumbi wa Kongresshalle pale kwenye bustani ya wanyama. Wewe uliondoka 1988, mwaka mmoja baadaye, 9 Oktoba 1989, watu kama elfu 70 waliandamana Leipzig na kila mtu anaogopa damu itamwagika, na sauti iliyosikika kwenye redio na spika za mji ikiomba amani ilikuwa ya huyuhuyu wa mikono mitupu, yeye na wenzake watano walikuwa wametia saini wito ule. Alifariki Desemba 2015. Hii ya 1989 usiiingize ndani ya daftari, iandike kwenye karatasi nyingine uiweke nyuma, kwa sababu daftari halikuijua.

Hapo ndo naomba unisikilize vizuri mzee wangu, maana nina kosa langu mwenyewe la kukusimulia. Marehemu mjomba wangu naye aliacha daftari kama lako, la nchi nyingine, na mimi kwa mapenzi nikalichapa kwenye kompyuta, nikasahihisha majina yote, nikatoa marudio, na pale tarehe zake zilipopishana na kitabu cha msimu kilichochapwa nikafuata kitabu. Daftari lenyewe likatupwa siku ya kusafisha nyumba, nikasema si ninalo kwenye kompyuta. Miaka baadaye nikapata kikaratasi kimoja cha tangazo kinachosema muimbaji ameugua na onyesho limebadilishwa, usiku uleule ambao nilikuwa "nimemsahihisha". Mjomba ndo alikuwa sahihi. Kitabu cha msimu kinasema kilichopangwa, mtu aliyekaa kwenye kiti anasema kilichotokea. Na sina tena pa kurudi kuangalia mengine niliyoyageuza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ule ukurasa wako wenye kipande kidogo cha karatasi kimebandikwa na gundi, kimeandikwa kwa mashine kuhusu mabadiliko ya waimbaji, usikibandue hata kama kimepinda. Majumba ya kule muimbaji akiugua asubuhi wanapiga simu mji wa jirani kutafuta mtu anayeijua sehemu ile, anapanda treni anafika jioni anaimba, wakati mwingine anasimama pembeni na kitabu huku mgonjwa anaigiza bila sauti. Kikaratasi kama hicho wengi walikitupa wakitoka mlangoni.

Sasa tuje kwenye unachokiita ushamba, na hapa nitakaa kidogo.

Umeandika ulipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza ya simfoni, ukiwa peke yako, watu wakageuka, ukatamani ardhi ipasuke. Ukurasa huo ndo unataka kuuchana. Mzee, watu wa zama za hao watunzi wenyewe walikuwa wanapiga makofi hapohapo ulipopiga wewe. Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipotoka Vienna Desemba 1813, sehemu ya pili ilishangiliwa mpaka ikabidi irudiwe palepale kabla hawajaendelea. Ule ukimya ulitengenezwa taratibu baadaye, na Leipzig ina mkono wake, Mendelssohn aliyekuwa mkuu wa Gewandhaus tangu 1835, simfoni yake ya Kiskoti iliyotolewa palepale mwaka 1842 alitaka sehemu zake zifuatane bila kusimama. Kwa hiyo wewe hukukosea muziki, ulikosea mila ya chumba, na mila ya chumba huwa haichapwi kwenye kijitabu. Mtu akitaka kujua ilikuwaje kuingia humo bila kuelekezwa na mtu, ukurasa wako utamwambia.

Na chini yake ukaandika sentensi ambayo nadhani hujaiona uzito wake: "kwetu mtu akifurahi anainuka anakwenda kumtunza muimbaji wimbo ukiendelea, hapa furaha inawekwa mfukoni mpaka mwisho". Wewe ulikulia na taarab ya Ikhwani Safaa na Culture, umezoea kuona fidla, cello na kanuni vimekaa pamoja, kwa hiyo hukwenda kule mtupu, ulikuwa na sikio lililokwishafundishwa, ila limefundishwa na nyumba nyingine. Ndo maana umeona vitu ambavyo mwanafunzi wa Kijerumani aliyekaa pembeni yako asingeviandika. Ile ya pinde za fidla, "zote zinapanda na kushuka pamoja kama safu ya maulidi ya homu", mimi nimekaa na watu wa okestra na nakwambia hawajui kujieleza hivyo. Na haitokei tu yenyewe, kiongozi wa fidla ndo anayeamua upinde unaanzia juu au chini kila mahali, alama zinatiwa kwa penseli kwenye karatasi zote, wawiliwawili wanatumia karatasi moja, wa ndani ndo anayefunua. Umeliandika hata hilo la kufunua, "yule wa ndani ndiye mtumwa wa kurasa". Kwenye homu pia watu hawainami pamoja kwa bahati.

Halafu Bruckner. "Namba 7, ndefu sana, nimesinzia, nimeamka sahani zinagongwa". Unataka kuufuta kwa sababu sasa unasikia ni kazi kubwa. Usifute. Ila fanya hivi: kabla hujausoma tena ukurasa huo, tafuta siku moja tulivu uisikilize yote, saa moja na kitu, ukijua kwamba ilipigwa mara ya kwanza duniani Leipzig hapohapo, 30 Desemba 1884, na kwamba ile sehemu ya pili ya polepole Bruckner aliiandika akimuwaza Wagner, akapata habari ya kifo chake mwaka 1883 kazi ikiendelea. Hizo sahani zilizokuamsha, yani matoazi, zinagongwa kwenye kilele cha sehemu hiyohiyo, kwa hiyo ulilala njia nzima ukaamka kilipofika. Ukimaliza chukua kalamu ya rangi nyingine, uandike pembeni unachosikia sasa, na tarehe ya leo. Ukilala tena andika umelala tena. Kila kazi ambayo ulitoa hukumu kali fanya hivyohivyo, sikiliza kwanza, soma baadaye, maana ukianza kusoma utajikuta unamsikilizia yule kijana wa 1984 badala ya kujisikilizia mwenyewe.

Ya kutunza ni machache. Unguja unyevu na chumvi vinakula karatasi, kwa hiyo toa pini na klipu zote za chuma kabla kutu haijatoboa, tiketi zilizobandikwa ziache, usipeleke kulaminetiwa dukani hata wakikwambia ndo salama, ile plastiki ikishashika haitoki tena. Namba za kurasa andika kwa penseli. Wajukuu wapige picha kila ukurasa kwa simu, dirishani mchana bila flashi, na zile kurasa tupu pia, halafu picha zikae sehemu zaidi ya moja. Wakitaka kuchapa wachape kama ilivyo, pamoja na "Bethoven" ya e moja mwanzoni, na maelezo haya ya kwangu yakae chini au karatasi ya pembeni. Kama unataka kuhakikisha majina ya waimbaji, andikia Gewandhaus na opera ya Leipzig kwa Kijerumani chako, taja siku na kazi, wanazo kumbukumbu za programu zao.

Nimebakiza ukurasa uliosema hauna kichwa na hujui ni nini. "Kanisa la Thomas. Nimekaa nyuma kabisa. Ndefu, saa tatu na zaidi. Watoto wanaimba juu, pumzi moja kama madrasa yetu siku ya maulidi. Mwisho wanasema tunakaa chini tunalia. Hakuna aliyepiga makofi, wala mimi. Tumetoka kimyakimya." Hukuandika mtunzi, hukuandika kazi, hata mwezi huna, umeandika tu kwamba mti wa nje ulikuwa unaanza kuchipua.

Umeijibu mwenyewe. Wir setzen uns mit Tränen nieder, tunakaa chini kwa machozi, hayo ndo maneno ya kwanza ya kwaya ya mwisho ya Matthäus-Passion ya Bach, mateso ya Yesu kama alivyoyasimulia Mathayo. Aliitoa mara ya kwanza 1727 kwenye kanisa hilohilo ulilokaa, alikuwa mwalimu wa watoto hao wa kwaya kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750, na kaburi lake limo humo ndani mbele, chini ya bamba la shaba, wewe ulikuwa umekaa nyuma huenda hukuliona. Huwa inaimbwa siku za kuelekea Pasaka na makofi hayapigwi, ndo maana na mti wako unaanza kuchipua. Uliyatafsiri maneno yale mwenyewe kichwani, kwa Kijerumani cha mwanafunzi, ukayaleta mpaka chumbani ukayaandika kwa Kiswahili. Jina la kazi liandike pembeni kwa penseli, dogo, na mstari wako usiuguse.